Shingo Isiyosogezwa: Ulinganisho wa Vifaa vya Kupitishia Mpira wa Kupumulia

Majeruhi anayefikishwa hospitalini akiwa hajitambui huwa na mahitaji mawili yanayovutana. Njia yake ya hewa inatakiwa ilindwe mapema kwa mpira wa kupumulia, unaopitishwa mdomoni hadi ndani ya koo la hewa ili mapafu yapate oksijeni na matapishi au damu visiingie humo; na papo hapo shingo yake inatakiwa ibaki ilivyo mpaka ithibitike kwamba pingili zake hazijavunjika wala kuteguka. Kwa utaratibu uliozoeleka tangu katikati ya karne ya 20, hitaji la kwanza hutimizwa kwa kukiinua kichwa na kukirudisha nyuma, jambo lilelile ambalo hitaji la pili linalikataza. Mvutano huo umezaa vifaa vingi, kila kimoja kikiahidi kuuondoa, na umezaa pia tafiti nyingi za kuvilinganisha. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba hakuna kifaa kinachoweza kuitwa bora kabla ya kuelezwa ni bora katika nini, kwa kuwa kuliona koo la hewa, kuupitisha mpira ndani yake, na kuuepusha ugwe wa mgongo na madhara ni mambo matatu yaliyo mbalimbali, na mara nyingi utafiti uliopima la kwanza umenukuliwa kana kwamba umepima la tatu.

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Ya kwanza, iitwayo atlasi, hulibeba fuvu, na ya pili, iitwayo aksisi, huiwezesha atlasi kuzunguka; sehemu kubwa ya mwendo unaotokea mpira unapopitishwa kwa njia ya kawaida huwa kati ya fuvu na pingili hizo mbili, na ni kidogo tu kinachofika kwenye pingili za chini. Ndani ya tundu la pingili hupita ugwe wa mgongo, yaani kamba ya neva inayouunganisha ubongo na mwili, na kutoka sehemu ya tatu, ya nne na ya tano ya ugwe huo hutoka neva inayokiendesha kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Jeraha la juu ya hapo linaweza kuikata pumzi yenyewe, na la chini kidogo linaweza kumwacha mtu akipumua lakini hana nguvu za mikono wala miguu.

Uzito wa hatari hiyo ni mkubwa, ingawa si wengi wanaofikwa nayo. Katika utafiti wa Marekani ujulikanao kwa jina la NEXUS, uliochapishwa mwaka 2000, majeruhi 34,069 wa ajali zisizo za kuchomwa wala kupigwa risasi walipigwa picha za shingo, na 818 kati yao, sawa na asilimia 2.4, walikutwa na jeraha la shingo. Kwa kila mmoja aliyeumia kweli, basi, walikuwapo takriban 40 waliokuwa salama na ambao shingo zao zilishukiwa tu. Majeruhi wengi wa aina hiyo hufungwa shingo kwa tahadhari, na tahadhari hiyo huwagharimu pale mpira wa kupumulia unapohitajika.

Gharama yenyewe inaeleweka kwa kutazama jinsi laringoskopu, yaani kifaa cha kutazamia koo la hewa, inavyofanya kazi. Robert Macintosh, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa profesa wa tiba ya usingizi huko Oxford, alichapisha mwaka 1943 muundo wa bapa la chuma lililopinda ambalo hadi leo ndilo linalojulikana zaidi duniani. Bapa hilo huusukuma ulimi pembeni, ncha yake ikatua katika kijibonde kilicho kati ya mzizi wa ulimi na kidakatonge, yaani kifuniko chembamba kinachoziba koo la hewa mtu anapomeza. Mpini unapoinuliwa, kidakatonge nacho huinuka na nyuzi za sauti zikaonekana. Lakini jicho huona kwa mstari ulionyooka, ilhali njia kutoka midomoni hadi kwenye nyuzi za sauti imepinda karibu pembe mraba, na ndiyo sababu wataalamu huinua kichwa kwa mto na kukikunjua kwa nyuma ili mstari huo upatikane. Mgonjwa asiyeruhusiwa kusogezwa shingo hana fursa hiyo, na mtaalamu anabakiwa na njia moja tu, nayo ni kuvuta kwa nguvu zaidi.

Ubora wa kinachoonekana hupimwa kwa daraja nne zilizopendekezwa na Cormack na Lehane mwaka 1984: daraja la kwanza ni pale nyuzi za sauti zinapoonekana karibu zote, la pili ni pale sehemu yake tu inapoonekana, la tatu ni pale kidakatonge peke yake kinapoonekana, na la nne ni pale hata kidakatonge hakionekani. Kipimo hiki kimetawala karibu tafiti zote za mada hii, pengine kuliko kinavyostahili, kama itakavyoonekana baadaye.

Kufunga shingo kunafanywa kwa namna mbili zilizo tofauti sana kwa mtu anayepitisha mpira. Namna ya kwanza ni kola ngumu pamoja na mifuko ya mchanga kando ya kichwa na plasta inayopita juu ya paji la uso. Namna ya pili ni msaidizi kukishika kichwa kwa mikono, vidole vyake vikiwa kwenye mifupa iliyo nyuma ya masikio na kwenye kisogo, akizuia mwendo bila kuvuta. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1994, uliowahusisha wagonjwa 50, uliziweka namna hizo mbili ana kwa ana: chini ya kola, mifuko na plasta, asilimia 64 ya wagonjwa walikuwa katika daraja la tatu au la nne, na chini ya mikono ya msaidizi walikuwa asilimia 22. Sababu kubwa haikuwa shingo bali mdomo, kwa kuwa kola huushika utaya na kuuzuia kufunguka, na laringoskopu ya aina yoyote, ya kale au ya kisasa, lazima ipite mdomoni kwanza. Kutokana na matokeo ya namna hii utaratibu uliokubalika ni kuifungua sehemu ya mbele ya kola kabla ya kuanza, msaidizi akiwa tayari amekishika kichwa, na kuirudisha baada ya mpira kufungwa mahali pake. Ni hatua isiyogharimu hata senti, na faida yake inashindana na ya vifaa vingi vinavyotangazwa.

Hata hivyo mikono ya msaidizi nayo haiachi kugharimu. Watafiti wa Québec nchini Kanada waliwagawa wagonjwa 200 kwa bahati nasibu katika makundi mawili, la kushikwa kichwa na la kutoshikwa, wakatumia bapa la Macintosh, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa katika sekunde 30 mpira ulishindikana kupita kwa nusu ya walioshikwa, na kwa asilimia 5.7 tu ya wasioshikwa. Sekunde 30 ni muda mkali, na kushindwa ndani yake si kushindwa kabisa, lakini tofauti ya nusu dhidi ya mmoja katika kila 18 haiwezi kuelezwa kwa ukali wa saa peke yake. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walipima mgandamizo wa bapa juu ya ulimi kwa wagonjwa tisa waliopitishiwa mpira mara mbili, mara moja wakiwa wameshikwa na mara moja wakiwa hawajashikwa, na wakakuta kwamba kushikwa kuliufanya mgandamizo kuwa karibu maradufu.

Matokeo hayo ya Iowa yanastahili kutafakariwa kwa utulivu, kwa sababu yanagusa msingi wa utaratibu mzima. Kichwa hushikwa ili pingili isisogee. Kushikwa huficha nyuzi za sauti. Kufichika kwa nyuzi humfanya mtaalamu avute kwa nguvu zaidi. Na nguvu hiyo haipotei hewani bali hupita kwenye tishu laini hadi kwenye pingili zilizo nyuma yake, ambazo huenda mojawapo imevunjika. Kwa shingo nzima, misuli na kano huimeza nguvu hiyo. Kwa shingo iliyokatika kano, hakuna ajuaye kwa hakika itakwenda wapi, na hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu jambo hilo lijaribiwe kwa binadamu aliye hai. Karibu tafiti zote za kulinganisha vifaa kwa shingo iliyozuiwa, kwa hiyo, zilifanywa kwa wagonjwa wenye shingo salama waliokuja kwa upasuaji wa kupangwa, wakavalishwa kola au wakashikwa kichwa kwa ajili ya utafiti. Chache nyingine zilifanywa kwa maiti waliokatwa kano kwa makusudi. Msomaji anayesahau jambo hili huviamini vipimo kuliko watafiti wenyewe walivyoviamini.

Vifaa vipya vimeuendea ugumu huo kwa wazo moja: jicho lipelekwe karibu na nyuzi za sauti, lisilazimishwe kuziona kwa mstari ulionyooka kutoka nje ya mdomo. John Pacey, daktari wa upasuaji wa Kanada, aliingiza sokoni mnamo 2001 kifaa cha GlideScope, chenye kamera ndogo chini ya bapa lililopinda kwa nyuzi 60 na skrini ya pembeni, na baada yake vikafuata vingine vingi. Kwa anayevilinganisha, jina la kiwanda halina maana kubwa kama umbo la bapa, na maumbo ni matatu. Kuna bapa lenye mpindo wa Macintosh lililoongezewa kamera, kama lile la kawaida la C-MAC, ambalo mtaalamu aweza kulitumia kwa jicho lake au kwa skrini apendavyo. Kuna bapa lililopinda zaidi, kama la GlideScope na lile la C-MAC liitwalo D, ambalo huzunguka kona bila kuhitaji kichwa kurudishwa nyuma. Na kuna bapa lenye mfereji ubavuni, kama la Airtraq kutoka Hispania na la Airway Scope kutoka Japani, ambapo mpira hulazwa ndani ya mfereji kabla ya kuanza na hutoka ukielekea palepale kifaa kinapotazama. Airtraq katika umbo lake la awali haina hata kamera, bali hutumia vioo na prizimu kupeleka picha kwenye kitundu cha kutazamia, na taa yake inayotumia betri hupaswa kuwashwa mapema ili kioo kisishikwe na ukungu wa pumzi.

Ugumu wa bapa lililopinda zaidi unafahamika na kila aliyelitumia: nyuzi za sauti huonekana wazi kwenye skrini, na mpira haufiki. Kinachoonekana kiko nyuma ya kona, na mpira laini hauwezi kuizunguka kona hiyo bila kuwekewa ndani yake waya mgumu uliokunjwa kwa mpindo uleule wa bapa. Nao waya huo, ukisukumwa huku macho yote yakiwa kwenye skrini badala ya mdomoni, umewahi kutoboa kaakaa laini na tishu za kando ya tonsili. Daraja la kwanza la Cormack na Lehane, ambalo kwa bapa la Macintosh huahidi kazi nyepesi, kwa bapa la namna hii haliahidi kitu. Hapo ndipo kipimo kilichoundwa kwa ajili ya kifaa kimoja kilipohamishiwa kwenye kingine bila kuulizwa kama bado kinapima jambo lilelile.

Tafiti mbili za mwaka 2016, zote zikitoka Uswisi na zote zikichapishwa katika jarida moja la Uingereza la tiba ya usingizi, zinaonyesha jinsi swali linavyoamua jibu. Ya kwanza, iliyoongozwa kutoka Geneva, ilikusanya majaribio 24 yenye wagonjwa 1,866 waliokuwa wamezuiwa shingo, ikavilinganisha vifaa mbadala na bapa la Macintosh. Kwa jumla vifaa mbadala vilipunguza uwezekano wa kushindwa karibu kwa nusu. Lakini vilipotazamwa kimoja kimoja, ni Airtraq pekee iliyopunguza kwa uhakika wa kitakwimu kushindwa katika jaribio la kwanza, ikiufikisha uwezekano huo kwenye takriban moja ya saba ya ule wa Macintosh, na ikapunguza pia muda na majeraha ya mdomo na koo. Airway Scope, C-MAC, GlideScope na nyingine iitwayo McGrath zilionyesha nyuzi za sauti vizuri zaidi, ila kuonyesha vizuri hakukugeuka kuwa kupitisha mpira kwa uhakika zaidi wala kwa haraka zaidi.

Ya pili, iliyoongozwa kutoka Bern, haikuishindanisha Macintosh na kitu chochote. Iliviweka vifaa sita vya kisasa vishindane vyenyewe kwa vyenyewe kwa wagonjwa 720 waliovalishwa kola iliyoachwa imefungwa, kiasi kwamba mdomo ulifunguka kwa wastani wa milimita 23 tu. Katika jaribio la kwanza McGrath ilifaulu kwa asilimia 98, bapa la D la C-MAC asilimia 95, King Vision asilimia 87, GlideScope na Airtraq asilimia 85 kila moja, na A.P. Advance asilimia 37. Airtraq, mshindi wa Geneva, hapa iko nyuma ya McGrath na C-MAC.

Tofauti hiyo isichukuliwe kuwa ni ubishi. Majaribio yaliyokusanywa Geneva yalitoka kwenye mazingira mbalimbali, mengi yake kichwa kikiwa kimeshikwa kwa mikono na mdomo ukiwa huru, hali ambayo kifaa kinene chenye mfereji hukaa kwa raha na mfereji wake ukatoa faida yote. Huko Bern kola iliubana mdomo, na ndani ya milimita 23 kila milimita ya unene wa kifaa huhesabika, hivyo bapa jembamba likapata nafasi ya kugeuka na bapa nene likakosa. Aliyeliacha swali la kola bila jibu hawezi kuchagua kati ya matokeo haya mawili, na aliyelijibu hana haja ya kuchagua: kola ikifunguliwa mbele, umbo la mfereji lina hoja yenye nguvu, kola isipoweza kufunguliwa, wembamba wa bapa ndio unaotangulia.

Kuhusu ugwe wa mgongo wenyewe ushahidi ni mchache na haufurahishi. Watafiti walewale wa Iowa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, walipima kwa wagonjwa 14 nguvu ya bapa na mwendo wa shingo kwa pamoja, wakitumia eksirei inayoonyesha picha zinazotembea. Nguvu ya juu ilikuwa wastani wa nyutoni 48.8 kwa Macintosh na 10.4 kwa Airtraq, yaani imepungua hadi karibu moja ya tano. Shingo, kutoka fuvu hadi pingili ya tano, ilikunjuka kwa nyuzi 29.5 kwa Macintosh na 19.1 kwa Airtraq, yaani imepungua kwa theluthi moja tu. Kifaa kinachotumia nguvu kidogo kinaisogeza shingo kidogo, lakini si kwa uwiano uleule, kwa kuwa sehemu ya mwendo haisababishwi na kuvuta bali na kitendo chenyewe cha kufungua mdomo na kulipisha bapa. Wagonjwa hao hawakuwa wameshikwa kichwa. Watafiti wa Montréal waliowashika wagonjwa kichwa na kuilinganisha GlideScope na Macintosh waliripoti mwaka 2008 kwamba GlideScope iliboresha kuona, ila haikupunguza kwa kiasi cha maana mwendo wa pingili. Anayetaka kununua kifaa cha skrini kwa hoja kwamba kinailinda shingo, basi, ananunua ahadi ambayo vipimo havijaithibitisha. Anayekinunua kwa hoja kwamba kinaongeza uwezekano wa mpira kupita mara ya kwanza yuko kwenye ardhi iliyo imara zaidi.

Kipimo hicho cha jaribio la kwanza nacho kisidharauliwe, maana ndicho kinachomgusa mgonjwa moja kwa moja. Kila jaribio linaloshindikana hurudia mwendo wa shingo, huongeza damu na uvimbe kooni, na hurefusha muda ambao damu inapungukiwa oksijeni. Na ugwe wa mgongo ulioumia huharibiwa na ukosefu wa oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu, pengine zaidi ya unavyoharibiwa na milimita chache za mwendo. Zaidi ya hayo, muda wa kati ya jaribio moja na jingine haupiti shingo ikiwa imetulia, kwa sababu mgonjwa hupumuliwa kwa barakoa na mfuko wa kupumulishia uitwao ambu bagi, na utafiti wa mwaka 1991 uliofanywa kwa maiti kwa kutumia eksirei ulionyesha kwamba kupumulisha kwa barakoa kuliisogeza shingo kuliko njia zote za kupitisha mpira zilizojaribiwa. Ni ajabu kwamba jambo hilo halitajwi mara nyingi katika mijadala ya vifaa, ilhali barakoa ndiyo inayomgusa kila mgonjwa.

Bomba jembamba la nyuzi za kioo, linalonyumbulika na kuongozwa kwa macho hadi kooni, lina historia ndefu kuliko skrini: Peter Murphy alieleza mwaka 1967 matumizi yake ya kwanza ya aina hiyo, akitumia kifaa kilichoundwa kwa ajili ya kutazamia mirija ya nyongo. Likitumiwa kwa mgonjwa aliye macho, koo lake likiwa limetiwa ganzi kwa lignokeini, haliisogezi shingo karibu hata kidogo, na mgonjwa mwenyewe aweza kuulizwa baadaye kama bado anavihisi vidole vyake kabla ya kulazwa usingizi. Kwa mgonjwa wa kupangwa, mwenye kidole cha aksisi, yaani kijifupa chake kinachochomoza juu, kilichovunjika au baridi yabisi iliyolegeza kano za pingili za juu, njia hii bado ina heshima yake. Kwa majeruhi anayetapika damu na kupigana na wanaomshika haina nafasi, kwa kuwa tone moja la damu kwenye kioo hufuta picha yote. Barakoa ya kooni ya Archie Brain katika umbo lake la kupitishia mpira ina faida ya kupumulisha huku mpira ukitafutiwa njia, lakini hukaa ikizigandamiza pingili za juu kwa mbele, jambo lisilopendeza pale pingili hizo zinapokuwa zimelegea.

Kimebaki kifaa kisicho na umeme, kioo wala skrini: buji, yaani ufito mrefu mwembamba wenye ncha iliyokunjwa kidogo, ambao hupitishwa chini ya kidakatonge hata pale nyuzi za sauti zisipoonekana, mikono ikahisi ncha inavyokwaruza pete za gegedu za koo la hewa, kisha mpira ukateremshwa juu yake. Wazo la ufito wa namna hiyo lilielezwa na Macintosh huyohuyo mwaka 1949. Jaribio lililofanywa katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Minneapolis na kuchapishwa mwaka 2018 liliwahusisha wagonjwa 757; miongoni mwa 380 waliokuwa na dalili za ugumu, zikiwamo kuzuiwa shingo, jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 96 kwa buji na asilimia 82 kwa mpira wenye waya. Mwaka 2021 jaribio jingine la Marekani, lenye wagonjwa zaidi ya 1,100 katika hospitali nyingi, halikuona tofauti: asilimia 80.4 kwa buji na 83.0 kwa waya. Kilichotofautiana si ufito bali mikono, kwa kuwa hospitali ya Minneapolis ilikuwa imeifanya buji kuwa kifaa cha kila siku kwa muda mrefu kabla ya utafiti, na matokeo yake ni ya watu walioizoea.

Ushahidi wa jumla umekwisha kuelemea upande wa skrini. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya tafiti 222 zenye washiriki 26,149, yalihitimisha kuwa laringoskopu za video za maumbo yote hupunguza kushindwa kupitisha mpira kwa watu wazima. Na jaribio la Marekani liitwalo DEVICE, la mwaka 2023, lililowahusisha wagonjwa mahututi 1,417, lilipata ufaulu wa jaribio la kwanza wa asilimia 85.1 kwa video na 70.8 kwa laringoskopu ya kawaida, wengi wa waliopitisha mpira wakiwa madaktari walio bado katika mafunzo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2024 na vyama vya wataalamu vya Uingereza kuhusu wagonjwa wanaoshukiwa kuumia shingo unashauri laringoskopu ya video itumike inapowezekana, ikisaidiwa na waya au buji, kola ifunguliwe, na utaya usukumwe mbele badala ya kichwa kurudishwa nyuma. Mwongozo huo haukitaji kifaa kimoja kuwa mshindi, na haukukosea.

Kwa hospitali za Afrika Mashariki, ambako ajali za bodaboda huleta majeruhi wa kichwa na shingo usiku kucha na ambako katika ngazi ya wilaya mara nyingi anayetoa dawa ya usingizi ni muuguzi au tabibu aliyesomea kazi hiyo, bila daktari bingwa, ulinganisho huu una sura nyingine. Kifaa cha kutumika mara moja na kutupwa huwa ghali kwa kila mgonjwa, na pale kinaposafishwa na kurudiwa kinyume cha maelekezo huleta hatari yake. Kifaa cha kudumu huhitaji betri inayochajiwa, bapa linalosafishwa ipasavyo na fundi anayekijua. Bapa lenye mpindo wa Macintosh na kamera lina upendeleo hapa kwa sababu isiyohusiana na takwimu za Geneva wala Bern: skrini ikizimika katikati ya kazi, au kamera ikifunikwa na damu, mtaalamu huinama akaendelea kwa jicho lake, jambo ambalo bapa lililopinda sana haliruhusu. Tena huwa ni chombo cha kufundishia, maana mwalimu na mwanafunzi huona kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Wanaoandika orodha za manunuzi za hospitali hizo wanaombwa wasianzie kwenye skrini. Orodha ianze na mashine ya kunyonya damu na matapishi inayofanya kazi, kipima oksijeni cha kidoleni, na buji katika kila chumba ambamo mpira wa kupumulia hupitishwa. Ifuate laringoskopu ya video yenye mpindo wa Macintosh, moja inayofahamika na wote badala ya tatu za aina tatu. Na katika bajeti hiyohiyo zitengwe saa za mazoezi kwenye sanamu iliyovalishwa kola, mtu mmoja akifungua sehemu ya mbele, wa pili akishika kichwa, wa tatu akipitisha mpira juu ya buji, mpaka watatu hao waweze kuifanya kazi hiyo bila kuulizana.